Soda ya Mwezi wa Kumi na Moja

Siku hela za korosho zilipoingia benki,
kabla Sefu hajanisomea meseji,
kule dukani Masasi walishajua.
Walijuaje? Waulize wao.
Wana pua ya sisimizi kwa sukari ya watu.

Nilifika na kandambili, vumbi la Lulindi mpaka magotini.
Shaweji akaniona kupitia kioo,
akatoka mbio, tai imerukia begani:
"Mama yangu! Mama mzazi! Ingia, duka lako hili!"
Nikapewa kiti cha kuzunguka,
nikakalia ncha tu, kisije kikanipeleka nisikokujua.
Nikapewa soda ya baridi, imevishwa tishu shingoni
kama mgonjwa wa koo.

Pikipiki zimejipanga, nailoni bado kwenye viti.
Akaipiga moja kofi la mgongo, kama dalali wa ng'ombe.
"Hii, mama, mafuta inakunywa kama kuku anavyokunywa maji:
tone, halafu anatazama juu.
Na waranti mwaka mzima. Ikikohoa tu, niite."
Nikamwambia punguza. Akacheka kama nimemwimbia,
akanipa kofia ngumu ya bure.
Nikaweka dole gumba pale alipopaonyesha.

Ikakohoa mwezi wa tatu.
Mvua imeshika, tope limeshika tairi,
korosho ziko mbali kama Idi iliyopita.
Sefu akapiga ile namba. Ikaita. Ikaita. Ikachoka.
Tukaisukuma.

Kioo kile kile, Shaweji yule yule, ila shingo haigeuki.
Kidole kinapanda na kushuka kwenye simu.
Nikasimama, nasubiri shikamoo yangu.
Haikuja.
Nikaanza mimi: "Habari za kazi, baba."
"Salama. Mafundi wako nyuma."
"Na ile waranti?"
"Soma karatasi, mama. Waranti ni ya injini. Hiyo ni klachi."
Soma karatasi,
ananiambia mimi,
na dole gumba langu liko pale chini, jeusi, linamtazama.

Kiti cha kuzunguka kilikuwepo.
Kilikaliwa na mkoba wake.

Nyuma ni uwanja wa oili chafu na ndoo zilizotoboka.
Binti amechuchumaa, ovaroli ameikunja mara tatu miguuni.
Hakuniita mama mzazi. Hakuniita chochote.
Aliinamisha sikio kwenye pikipiki
kama mkunga anayemsikiliza mtoto tumboni.
"Waya huu ndivyo ulivyo," akasema,
"kwa zote za toleo hili. Lakini sikukwambia mimi."
Akakaza, akaupima, akalegeza, akakaza tena,
kisha akaushika mkono wangu, siyo wa Sefu, wangu,
akanionyesha wapi pa kupaka grisi kila Ijumaa.
Elfu mbili.
Nikamwongezea muhogo wa kuchemsha niliofunga njiani,
akaula hapo hapo, na grisi yake.

Msimu umerudi. Meseji imeingia.
Safari hii pikipiki ni ya mkwe wangu,
na mimi kandambili ni zile zile.
Tai ikarukia begani.
"Mama mzazi! Ulipotelea wapi?"
Kiti. Soda. Tishu.

Nikamwambia, "Sikuja kwako, baba.
Niitie yule binti wa nyuma, yeye ndiye aniuzie."

Akaikunja tai, akaikunjua.
"Yule tulimwacha tangu mwezi wa nne.
Alikuwa anaongea sana na wateja."

Feni ikazunguka juu yetu.
"Anaitwa nani?"
Akafikiri. Namsifu kwa hilo, alifikiri kweli kweli,
mpaka akatazama kalenda ukutani
kana kwamba jina limeandikwa humo.

Kadi ya benki nikairudisha kwenye fundo la kanga.
Lakini sikuinuka upesi.
Nilikaa kiti kizima, mgongo mpaka nyuma,
nikainywa ile soda polepole, hadi kitako cha chupa,
maana niliilipia tangu mwaka jana.