Nitarekebisha Jumatatu

Usiniulize mfumo gani ni bora kabla sijanywa kahawa.
Nikishakunywa, keti. Utachelewa kurudi kwako.

Windows ni mgeni anayepanga upya sebule yako ukiwa msalani.
Usiku umeacha kazi wazi; asubuhi
amejizima, amejiwasha, anakuuliza wewe nani.
Ile mashine ya fedha yenye nembo ya tunda
ni nzuri, sikatai, kama kitabu
kilichogundishwa kurasa ili kisichafuke.
Linux ndiyo kwetu. Nakiri kwetu kunavuja:
mwaka wa ishirini na sita huu naibembeleza itoe sauti kwenye spika.
Mwamba ngoma huvutia kwake.
Yangu naiwamba, naivuta, naicheza peke yangu.

Kibodi iwe ya kulia, kila kitufe kikiri kimebonyezwa.
Kuandika juu ya kioo ni kupapasa dirisha lenye barafu
ukitafuta mlango.
Kihariri changu hakina cha kubofya;
wageni wakishaingia hawajui pa kutokea,
nami huwaacha kidogo.
Lugha za siku hizi zinakufuata nyuma zikizoa takataka zako.
C inakupa kisu, vidole unakuja navyo.
Na mstari ukiingizwa ndani, uingizwe nafasi nne.
Nne! Kwa ajili hiyo sikumsalimu Urpo
tangu Novemba hadi mto ulipoachia barafu yake,
kwa sababu yeye aliingiza mbili.

Hapa Oulu tulitengeneza simu.
Siku tuliyopunguzwa nilitoka na kikombe
na simu saba za majaribio zisizo na jina.
Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi,
tuliambiana pale maegeshoni, pua zikituganda,
kisha kila mhunzi akaenda kutafuta gari lake.

Januari hii akapiga Saimi Hiltula,
mpima maziwa, upande wa Pudasjärvi:
mizani imekataa.
Nje, ishirini na tisa chini ya sifuri.
Gari langu, lenye skrini pana kama sinia,
likadai sasisho katikati ya msitu.
Nikalisasisha. Ningefanyaje?

Ndani ya banda, kompyuta ya rangi ya jino la mvutaji,
na ndani yake Windows iliyozaliwa kabla ya binti yangu.
Juu yake karatasi: USIZIME. HATA WAKATI WA KUFAGIA.
Miaka ishirini na miwili hakuna aliyeizima.
Nilicheka, Mungu anisamehe,
nikafungua programu kumsaka mpumbavu aliyeiandika.
Alijaa tele: majina ya herufi moja moja,
hesabu imerundikwa kama kuni za mvivu,
na mistari imeingizwa nafasi mbili.
Mbili.
Nikateremka, nikinung'unika, hadi nikafika hapa:

*Ikizidi kilo 9999 itakwama.
Nitarekebisha Jumatatu. T. V.*

Tanuri ilinguruma. Maziwa yalipita kwenye bomba.
Kumbe ng'ombe wameongezeka, kidogo kidogo,
mpaka asubuhi hiyo wakaifikia ahadi yangu.

"Unamjua aliyeandika?" akauliza Saimi,
akinimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa.
"Nilimjua zamani," nikasema. "Alikuwa na haraka."
"Sisi haijatusumbua," akasema. "Hata jina la mfumo silijui."

Nikaongeza tarakimu moja. Ilikuwa Jumatano.
Nafasi zile mbili sikuzigusa.
Nikatoka, nikavua glavu, nikamwandikia Urpo
kabla vidole havijafa:
mbili si dhambi kubwa kihivyo.

Jibu lilinikuta barabarani, likasomwa na gari
kwa sauti ya mwanamke asiyejua ugomvi wetu:
*Siku hizi natumia nne.*