Kigoda cha Ndelilio

Wiki tatu tumezunguka Moshi na dalali Mkwizu,
mke wangu na kigoda chake cha miguu mitatu kwapani.

Nyumba ya kwanza, Shanti Tauni, ukuta mrefu, geti la umeme.
Mkwizu akagonga vigae kwa kisigino:
"Sikia hiyo, mama. Havipasuki hivi."
Ndelilio akaweka kigoda sebuleni, akakaa,
akanyamaza kama anayesubiri kipimajoto.
"Hapa," akasema, "simsikii mtu."

Ya pili ilikuwa ghorofa. Hakushuka hata garini.
"Magoti yangu yalistaafu kabla yangu."

Ya tatu, Njoro. Alinyoosha mikono koridoni,
miaka thelathini na minne ya wodi katika mikono ile.
"Machela haikati kona hii.
Watatutolea dirishani kama kochi."
Mkwizu akacheka, kisha akaacha.

Mimi nilitaka Kibosho. Sikuficha.
Kihamba cha baba, mfongo unaopita nyuma ya zizi,
masale mpakani,
na mlima unaojifunua asubuhi bila kuombwa.
"Haya, twende," akasema.
Tukapanda kwa miguu kutoka barabarani,
masika yamelainisha udongo.
Mara nne nilisimama kumsubiri.
Ya tano alinisubiri yeye,
kigoda amekitua topeni, ananionyesha kwa kidevu: kaa.

Nikakaa.
Taa za hospitali zilikuwa chini kabisa, ndogo, za mtu mwingine.
Hakusema neno. Angesema, ningebisha.

Tumechukua ya Majengo.
Vyumba viwili, bati lina kutu, mlango mpana.
Mlima umezibwa na tangi la maji la jirani.
Siku ile kigoda hakijatulia sakafuni,
ukutani kikapenya kikohozi, halafu sauti:
"Nyie wageni, chai mnakunywa na sukari?"
"Mkwizu," akasema Ndelilio, "lete karatasi."

Kibosho ipo. Mdogo wangu anapalilia.
Kule tutapanda tena, na siku hiyo
kilima hakitatukata pumzi.

Kwa sasa kila alfajiri, kabla hajabandika vitumbua,
Bi Mwanahawa hugonga ukuta mara mbili,
nasi hujibu mara mbili.
Leo nilichelewa, nilikuwa natafuta kandambili.
Nilipofungua mlango alikwishafika,
mwiko mkononi, unadondosha mafuta,
ananitazama kwa hasira
ambayo sijawahi kuinunua kwa bei yoyote.