Mji wa Kulala Tu

Ramani ilikuwa mapajani mwa mama mkwe,
imekunjwa palepale barabara inapojikunja.
Mesrop alitaka tulale Dilijan:
misitu, alisema, na baraza za mbao zilizonakshiwa,
na ukungu unaoingia dirishani bila kubisha hodi.
Mimi nilitaka mbele zaidi, ukingoni mwa korongo la Debed,
ambako watawa wa kale walijenga
kana kwamba mawe hayana uzito.

Mama Hripsime akavua miwani.
"Gurudumu la akiba halina upepo.
Dawa yangu ya presha, vimebaki vidonge viwili.
Na wewe," akanigeukia,
"tangu ziwani unanuka samaki."

Basi ikawa Vanadzor.
Sijawahi kuona kadi ya posta ya Vanadzor.
Dohani za kiwanda zilisimama zimepoa
kama wageni waliosahau kuaga,
na mvua ya rasharasha ikatupokea
bila bashasha yoyote.
Lakini fundi wa magurudumu alikuwa hajafunga.
Lakini duka la dawa liliwaka msalaba wake wa kijani.
Ghorofa ya nne, lifti mbovu,
vitanda vitatu visivyofanana,
maji ya moto, ya moto kweli,
na mwenye nyumba, Bi Knarik,
hakuuliza tumetoka wapi wala twaenda wapi.
Aliuliza, "Nguo chafu mnazo?"

Mesrop alinuna mpaka supu ilipofika.
"Kizuri chajiuza," akanung'unika.
"Na kibaya chajitembeza," mama akammalizia,
akimega mkate.
"Ila hiki hakikutembea, mwanangu.
Kimekaa kitako, kikatungoja."

Usiku nguo zetu zilitoka nje kwa kapi,
zikivuka ua kwenye kamba ndefu hadi nguzo ya chuma,
shati la Mesrop limening'inia chini ya shuka
za watu ambao sitawajua kamwe.
Mtoto wa ghorofa ya chini alijifunza piano.
Alikosea palepale, akarudia,
akakosea palepale.
Nilipitiwa na usingizi kabla hajapatia.

Asubuhi fundi Gurgen alikataa senti ya upepo.
"Lipa kiraka," alisema. "Upepo si wangu."

Kisha barabara ikaanza kushuka na mto,
kuta za korongo zikapanda pande zote mbili,
nyeusi, zimelowa, nyasi zikiota
mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili.
Mesrop akapunguza mwendo. Hatukusema neno.
Nyuma yetu karatasi ilichakachua:
mama alikuwa anahesabu vidonge,
polepole, kwa kidole,
ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini.
Akafunga mkoba. Akavaa miwani.

"Haya," akasema,
"nionyesheni huo uzuri wenu."