Na Nani?

Mtihani wa majaribio umebaki wiki tatu.
Sekela ameegemeza daftari kwenye gunia la mbegu,
tochi ya simu kaifunika kwa glasi ya chai
mwanga utawanyike, nami nipate kumenya viazi.

Mimi Kiingereza sikijui.
Nakijua kwa sauti tu, kama ninavyomjua jirani
kwa kikohozi chake nyuma ya ukuta.
Mwanangu anasoma kwa nguvu, anarudia,
anajisahihisha kabla hajakosea.

Ufahamu wa leo ni habari ya kijana
aliyepanda ngazi zinazotembea zenyewe.
Nikauliza: zinakwenda wapi?
"Swali hilo halimo, mama.
Wanauliza alijisikiaje."
Angejisikiaje, mtu ngazi inamkimbia miguuni!
Akacheka, akaandika. Sijui aliandika nini.

Kisha msamiati, maneno kumi.
La saba ni sakitu.
Mwalimu Chilumba, mtu wa Masasi,
alikuwa amewaambia ni barafu changa, akapita.
Kesho yake, jua halijashika mlima,
Sekela akamgongea mlango kwenye nyumba za walimu,
akakwangua jani la kabichi,
akamtilia kiganjani.
Wanasema mwalimu alisimama akitazama
neno likimyeyukia mkononi
mpaka likawa maji ya kawaida.
Neno hilo mwaka juzi
lilinilia robo eka kwa usiku mmoja.

Halafu zikaja sentensi za kugeuza.
Mkulima alipanda viazi.
Viazi vilipandwa na mkulima.
"Mbona mkulima kasukumwa nyuma?"
"Ndiyo kanuni, mama. Kilichotendwa kinakaa mbele.
Na mkulima, ukitaka, unamwacha kabisa.
Viazi vilipandwa. Nukta.
Alama zako zote unapewa."

Nikaacha kumenya,
ganda linaning'inia kwenye kisu.
Vilipandwa.
Vikapaliliwa, vikapuliziwa dawa ya ukungu
kwa pampu ya kuazima inayovuja begani,
vikachimbuliwa kwenye udongo baridi kama chuma,
na hapo pote hapakuwa na mtu?

"Kuna kijineno," akasema,
"kinachomrudisha mtendaji. Bai."
Nikasikia bei.
"Siyo bei, mama. Bai."
Tukalumbana hivyo, bai, bei, bai,
mpaka simu ikazima chaji
na kila mmoja akabaki na lake gizani.

Jumamosi dalali akaegesha lori pale Isyonje,
na magunia yake ya kushonewa shingo,
lumbesa ile inayomeza gunia na nusu
na bado inaitwa gunia.
Akasema bila kunitazama:
"Bei imeshushwa."
Nikamwambia: na nani?
"Eeh?"
Imeshushwa na nani?
Akatazama simu. Akatazama tairi.
"Soko, mama. Soko."
Na huyo Soko ni mtoto wa nani?
Mama Nsanya alicheka hadi akashika kiuno,
wapakiaji wakasimama na mizigo kichwani
kama watu waliosahau njia.

Niliuza. Msinitengenezee ushujaa hapa.
Hela ya kambi ya masomo ilikuwa inadaiwa,
na hiyo sikuuliza inadaiwa na nani.
Ila magunia mawili ya mwisho
aliyafunga bapa, bila shingo,
sijui kwa aibu au kwa haraka ya mvua.

Usiku nikamsimulia Sekela.
Hakusema kitu. Akavuta daftari,
akaandika mstari mmoja wa Kiingereza,
akaweka kidole chini ya kila neno
akitaka nirudie baada yake.
Nikarudia polepole, kama mtu anayevuka
kijito kwa mawe yenye utelezi.
Nilipofika kwenye kile kijineno
ulimi ukaniponyoka, nikasema bei.

Safari hii hakunisahihisha.