Vitenzi Vikaidi

Barabara ya Kumi na Nne, umeme umekatika,
nami nina daftari la kuhesabia marobota ya mkonge.
Upande huu uzito na madaraja, alivyoagiza Shekiondo.
Upande wa pili, kwa penseli:
tuve, nilikuwa na.
Puse, niliweka.
Supe, nilijua. Hili nimelinywa kama supu ya pweza, halinitoki.
Hice, dije, quise, vine,
kila moja na mguu wake,
hakuna mawili yaliyovaa ndara sawa.

Kwetu ni kazi nyepesi. Unachukua li,
unaipachika, jana imepatikana:
nilifua, nilipika, nilingoja.
Hata mgeni aliyeshuka asubuhi stendi ya Kange
ataijua kabla hajamaliza mkate wake wa mofa.

Jana yao ina matuta.

Fui, kwa mfano.
Fui ni nilikwenda. Fui ni nilikuwa.
Nilidhani kitabu kimekosewa, nikakikwaruza kwa ukucha.
Sasa nitamwambiaje Candela, mtoto wa dada yangu,
miaka minane, Kiswahili chake chote shikamoo na maji,
kwamba Mwantumu fue,
alikuwa? alikwenda?
Sisi wa Tanga husema waja leo waondoka leo,
tukicheka, tukimsogezea mtu kikombe.
Sikujua kuna waliokwisha kubana
kuwapo na kuondoka
ndani ya silabi moja.

Kila Jumapili simu huita kutoka Las Palmas.
Mtoto anauliza. Mimi nina wakati uliopo tu:
mama yako anapenda bamia,
mama yako anaogopa paka,
mama yako anaendesha baiskeli bila kushika usukani
kutoka Chumbageni hadi sokoni.
Ananyamaza. Kisha ananisahihisha, polepole,
kama mtu anayemfunga mwenzake kifungo:
"Le gustaba, tía."

Kumbe wana jana mbili,
moja iliyofungwa mlango
na moja iliyoachwa wazi, upepo unaingia.
Hiyo sijaifikia. Iko ukurasa wa themanini.

Leo niko kwenye morir.
Naikariri kama mwana wa chuoni anayeogopa bakora:
morí, moriste, imenyooka.
Ni kwa yule mwingine tu, asiyekuwapo chumbani,
o inazama, inakuwa u:
murió.
Na dormir vilevile, durmió,
kulala na kufa ndugu wa ziwa moja.
Ukifa wewe mwenyewe, sarufi haina habari.

Nikarudi kwenye letu, nilione upya.
Nilifua, nilipika, ku imedondoka.
Lakini alikuja.
Alikula.
Alikufa.
Ku imeng'ang'ania, haibanduki.
Miaka arobaini na mbili nasema, sijaiona.

Umeme umerudi. Friji ya jirani inanguruma.
Nafuta robota moja nililolihesabu mara mbili,
nanoa penseli kwa wembe.
Leo Ijumaa.