Njaa ya Siku Tano

Nyama yenyewe ni ndogo kuliko punje ya njugu.
Waliikata pajani mwa Bwengye, mchukuzi wa Ruti,
siku mfupa wake ulipoungwa kwa chuma.
Alitia kidole gumba kwenye karatasi ya ridhaa,
akaniuliza, "Itabeba nini huko kikoponi?"
Nikamjibu: maswali.
Akacheka hadi nesi akamkemea.

Juma la kwanza nilizilisha seli zake minono:
maji ya damu ya ndama, sukari,
joto la nyuzi thelathini na saba.
Zikagawanyika. Zikagawanyika tena.
Hazikuwa msuli, hazikuwa chochote,
zimezagaa sahanini kama walevi wa Jumamosi.
Shibe mwana malevya, nikasema peke yangu.

Jumatatu nikazinyima.
Nikamwaga ule uji mnono, nikaweka asilimia mbili tu
ya damu ya farasi, mnyama ambaye Mbarara nzima
sijawahi kumwona akipita.

Usiku ule umeme ulikatika saa nane.
Nilikimbilia jenereta na kandambili mguu mmoja
kwa ajili ya viumbe visivyojua jina langu.

Siku ya pili nilisaga sampuli,
nikaziswaga protini ndani ya jeli kwa umeme,
nikangoja filamu.
Miojenini: mstari mwembamba,
kama nyusi ya mtoto mchanga.
Siku ya tatu desmini imekoza wino.
Miosini, ile nzito, ile ya kazi, bado,
mahali pake weupe mtupu,
na tubulini chini ikishuhudia
kwamba sikuiba kipimo.

Kila seli ilizaliwa na kitabu kizima.
Sura ya jicho imo, ya ini imo.
Sasa zinafunga kurasa, moja moja, bila kuzichana,
zinaacha wazi pale palipoandikwa kubeba.

Siku ya tano nikainamia hadubini.
Zimelala upande mmoja
kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe.
Kuta za jirani na jirani zimeyeyuka,
viini ishirini chini ya paa moja,
na hakuna anayedai chumba chake.
Njaa mwana malegeza?
Humu imekaza.
Miosini imetoka nene, nyeusi, masizi ya sufuria.
Na pembeni uzi mmoja ukashtuka.
Ukatulia.
Ukashtuka tena.

Daftari lilikuwa wazi; sikuandika kitu.
Nilimpigia Bwengye.
Bado yuko kwenye magongo,
mikungu ya matoke sasa anabeba mdogo wake.
"Zimeanza kuvuta," nikamwambia.
Nikasikia lori likirudi nyuma, mtu akitukana.
"Zinavuta nini?"
"Hakuna kitu. Zinavuta tu."
Akanyamaza kidogo.
"Basi ni zangu kweli," akasema.
"Hata huu mguu, nikishalala, hubeba."