Hesabu ya Visiki

Kutoka ghorofa ya kumi na moja, Barabara ya Harambee,
mti ninaouona ni mmoja tu,
mjakaranda wa pale wanapoegesha magari,
nao umepigwa nambari.

Mimi ni karani wa mgao.
Mbao zinauzwa huko, mia inafika hapa, naikata:
ya serikali kuu, ya kaunti, ya usimamizi,
na hicho kinachosalia chini ya mstari
huitwa Mfuko wa Shule na Barabara za Vijiji Vipakanavyo na Msitu.
Jina refu kuliko fedha zake.

Mwaka wa fedha hufa Juni thelathini,
usiku wa manane, bila matanga.
Shilingi isiyoombwa hurudi ilikotoka
kama mbuzi ajuaye zizi.

Barua ya Shule ya Msingi Chepkoros
iliandikwa Mei kumi na nne.
Ilinifikia Julai tisa.
Ilikuwa inaomba barabara.
Ilichelewa kwa sababu ya barabara.

Jumatatu akaja mwenye barua,
Mwalimu Sigilai, koti la sufi, baridi ya Julai,
viatu vimebeba udongo mwekundu hadi kwenye vigae,
na Bi Kavindu wa usafi akamfuata na tambara
hatua kwa hatua, bila neno,
akiifuta njia aliyokuja nayo.

Hakuketi.
Aliigonga meza yangu kwa kifundo cha kidole,
akainama, akainusa.
“Saipresi ya kwetu,” akasema.
“Watoto wangu hukalia mabanzi.”

Kisha, kutoka bahasha ya kaki, akatoa daftari,
lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada.
Darasa la Sita. Somo: Hesabu.
Kila mtoto alipewa mstari wake wa visiki.
Chelagat, sitini na moja.
Kibiwott, sabini na vinne.
Tapsubei, hamsini na vinane,
na pembeni, kwa herufi za kubana:
Mwalimu, hiki kilifunikwa kwa majani. Nimekihesabu pia.

Jumla, kwa penseli: elfu moja mia tisa na sita.
Stakabadhi ya kiwanda, mihuri mitatu, sahihi mbili:
elfu moja mia moja na arobaini.

Basi miti mingine iliondoka kwa miguu yake.

“Malori yalipita usiku,” akasema,
“yakaikanyaga njia mpaka ikawa mto.
Sasa wakaguzi wenu hawafiki.
Wanahesabia hapa.”
Hakunyosha kidole. Mimi ndiye niliyetazama chini.

Nilimpelekea mkubwa wangu lile daftari.
Akalifungua katikati, akalifunga.
Watoto si wakaguzi, akasema,
na mwaka umeshafungwa.
Yote mawili ni kweli.
Niliporudi, benchi lilikuwa tupu,
vigae vinang'aa,
kana kwamba hakuna aliyewahi kutoka popote.

Jioni hiyo sikushuka na wenzangu.
Taa za mjini ziliwaka moja moja, nami nikajumlisha upya,
mstari kwa mstari, midomo ikicheza
kama nilivyofundishwa kijijini Kilungu, chini ya bati lililotoboka.
Darasa la Sita walikosea.
Elfu moja mia tisa na saba.
Kile cha majani
walikihesabu, wakasahau kukibeba.

Nikachukua kalamu nyekundu, ile ya vocha,
nikakibeba.
Kisha chini kabisa, mkono ukinitangulia,
nikaweka alama ya vyema.

Faili sikulirudisha kabatini.
Liko juu ya saipresi yao, limefunguka.
Mwaka mpya wa fedha
una umri wa siku kumi na tatu.